Damu Safi ya Kulinganishia

Dada yangu,

Huku tu wazima. Paka uliyeniachia kanenepa hadi hawezi kupanda kiti.

Jana maabarani tulipima damu za watu kwa protini ya utando wa nje wa kimelea cha malaria. Damu ya aliyewahi kuugua hugeuza dawa kuwa njano. Ilitakiwa damu safi ya kulinganishia, nikajitapa nikatoa yangu, maana Mama husema sijawahi kuugua, na sijatoka huku kwenye baridi kusiko na mbu.

Yangu nayo ikawa njano! Nilirudia mara tatu, njano tu. Mkuu wangu akauliza, "Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Dada, usinizungushe. Nilipozaliwa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliwahi kumwona Mama na mimba yangu?

Ni mimi, niliyekuita Dada maisha yangu yote.