Ukurasa wa Saa ya Mzee Abilahi

Mwaka umetimia, baba, tangu asubuhi ile ya Ijumaa, Novemba 1975, uliponyoosha mkono wa kushoto hapa nyumbani Lindi ukaomba uvuliwe saa, ukatutoka. Watu walituambia mwaka ukipita moyo hutulia. Wetu ulikataa kutulia, na sababu ni wewe mwenyewe, basi leo tunakueleza yote na wasomaji wasikie.

Kwanza tukusifu, maana sifa ulizipenda. Wewe Fakihi, fundi saa, hukumrudishia mtu saa yake mpaka umeivaa siku tatu, uone kama inakimbia au inachelewa. Mkono ulijaa saa za watu toka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na mtu akikuuliza ni saa ngapi ulimjibu, "Nikwambie ya nani?" Saa ya muadhini uliitengeneza kabla ya zote. Chai yako hukuinywa peke yako hata siku moja.

Halafu kile kitabu! Tangu mwaka wa Azimio la Arusha wewe na mwenzako Sipriani, tuliyezoea kumwita Mjomba, mlikuwa mkiandika, wewe maneno, yeye picha kwa penseli: saa gani za mkono ni za kutunzwa, gani ni bandia, namba zake za kiwandani hukaa wapi. Watu walizileta toka Kitomanga, toka Kilwa, saa za baba zao zimefungwa kwenye pamba. Mjomba alitaka kila saa ifunguliwe mfuniko wa nyuma kabla haijaandikwa. Wewe ulimcheka. "Mimi naitazama tu, inanitajia kwao."

Hapo ndipo ulipotuponza.

Mwaka 1974, watu wakiwa mbioni kuhamia vijiji vipya, Mzee Abilahi wa Pande alikuja na saa aliyopewa na ofisa wake vitani Burma. Hakutaka kuiuza. Alitaka iingie kitabuni, wajukuu waisome. Ukaweka kioo jichoni, ukaigeuza geuza, ukasema baraza nzima ikisikia, "Mzee, uso huu si wa saa hii. Aliyekupa alikupa bandia." Mtu mmoja akacheka. Mjomba Sipriani akasema, "Tufungue kwanza, ndugu yangu," ukamkatalia. Mzee alikutazama sana, akaifunga saa yake kwenye leso. "Haya, fundi," akasema, akaenda zake. Nawe ukaandika ukurasa wa thelathini na moja: saa ya Abilahi, bandia.

Siku zako za mwisho ulikuwa na neno moja tu. "Mleteni Abilahi na saa yake. Niifungue." Mama alidhani ni homa inasema. Alikubadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso akakwambia, "Lala, Baba Kidawa, saa zote zimesharudi kwa wenyewe." Hakumtuma mtu Pande.

Baba, eda ya mama usiiulize. Hakuweza kukaa. Alifagia palipofagiwa, akaitia ufunguo saa ya ukutani asubuhi na jioni mpaka springi ikakatika. Chakula alipika, kula hakula. Na kitabu kilikuwa tayari kupigwa stensili, kisambazwe kwa mafundi wa pwani yote, ukurasa ule ukiwa ndani. Mjomba alipokuja kuulizia mama akamwambia, "Shemeji, usikipeleke bado. Kuna mtu aliitwa hakuitwa."

Masika yalipokwisha tukapanda lori, mama, Mjomba na mimi Kidawa. Mzee tulimkuta kijiji kipya, nyumba yake imeezekwa upande mmoja. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni." Mama hakukaa. Alisema shida yake akiwa wima, na kanga mkononi anaisokota. Mzee akainuka. Akaingia ndani, akatoka na ile leso.

Mjomba akafungua mfuniko pale pale mkekani. Unajua mafundi mnavyokwaruza alama kwa sindano ndani ya kila saa mliyoitengeneza. Ilikuwepo. F, na mwaka 1953. Ni ile F yako yenye mkia, baba! Uso ule ulioutukana uliutia wewe mwenyewe, ukiwa kijana unajifunza kazi. Tulicheka, na hatukujua kwa nini tunacheka.

"Sasa siku ile mbona hukusema?" mama akamuuliza.

"Ningesemaje, mwanangu, baraza imejaa wateja wake? Uso wa kwanza uliliwa na chumvi, akaniambia anatia mwingine, hakunificha. Nikajua amesahau. Nikasema mwenyewe, atakumbuka, ataniita."

Mama akakaa chini mchangani. "Alikuita," akasema. "Siku tatu alikuita, mzee wangu. Mimi ndiye sikukuletea neno." Akalia, baba, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Mzee alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akaitia saa ufunguo, akaivaa mkononi mbele yetu. "Basi leo nimeitika," akasema. "Mwambie."

Ndiyo maana tunakuandikia. Ameitika, baba. Ukurasa wa thelathini na moja sasa unasomeka: saa ya Abilahi wa Pande, ya kweli, ya kutunzwa, uso ulibadilishwa na Fakihi, akasahau. Mjomba alitaka kulifuta neno la mwisho, mama akakataa. Kitabu kimeshapigwa. Saa ya ukutani Mjomba ameitia springi mpya, na mama huitia ufunguo mara moja tu kwa siku.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanasha. Wanao Kidawa, Abdurahmani na Mboni. Mwenzako Sipriani na mkewe Rosalia. Na Mzee Abilahi, aliyetuomba jina lake liandikwe pamoja na ya ndugu. Mungu akurehemu. Sisi kukusahau hatuwezi.