Kila Wiki Jambo Jipya, Kule Misima

Mwenzangu wa miaka ile,

Ninakuandikia nikiwa hapa Korogwe, kwenye kibaraza cha nyumba ninayoishi na mume wangu. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba nakuandikia. Nilipomwambia aliendelea kufunga kamba za viatu, kisha akasema niandike, ila niandike kitu ambacho hata yeye anaweza kukisoma. Kwa hiyo barua hii ni ya wazi. Jina lako silitaji, na langu silitaji. Wanaotufahamu watatufahamu tu, na lile ambalo lingekuwa siri ulishalisema wewe mwenyewe mbele ya watu.

Nataka kuukumbuka pamoja nawe ule mwaka.

Tulikuwa tumeishi kwenye ndoa kule Misima, Handeni, miaka ya kutosha watu kuacha kutuuliza na kuanza kutusema. Mama yako alikuja nyumbani siku ile baada ya sala ya adhuhuri. Alikataa chai, akakwambia mbele yangu kwamba amepata binti wa watu kule Kwamsisi, na wazazi wake wako tayari. Mimi hakunitazama. Nilikuwa nashona sare za shule, na mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani ingawa uzi ulikuwa umeshakatika. Nilingoja useme ndiyo, au useme hapana. Hukusema lolote kati ya hayo. Ulimwomba mama akupe mwaka mmoja, ndipo umpe jibu.

Alipoondoka nilikuuliza mwaka huo ni wa nini. Ulikuna kichwa kama mtu aliyeshtukizwa na maneno yake mwenyewe. Ukanieleza kwamba ulikuwa umesikia redioni mtu anayesimulia alivyojaribu jambo moja jipya kila wiki, mwaka mzima, na ulipokuwa unamsikiliza ulijiona wewe ni mtu wa kwenda shamba, kurudi, kula na kulala.

"Miaka yote hii tunasubiri kitu kimoja," ulisema. "Hebu tufanye na vingine."

Nilikasirika, nikwambie kweli. Niliona ni mchezo wa kitoto mbele ya jambo zito. Lakini mwaka ulikuwa afadhali kuliko jibu la siku ile ile, kwa hiyo nilikubali.

Wiki ya kwanza ulikaa wewe kwenye cherehani. Ulishona foronya moja tangu asubuhi hadi jua la utosi, ukachomwa sindano kidoleni, na mshono wake ulikwenda kama njia ya mbuzi. Tuliilalia foronya ile hadi ikachanika. Wiki iliyofuata ulinituma mimi mnadani kuuza mbuzi, kazi ambayo sikuwahi kuifanya wala kumwona mwanamke wa kwetu akiifanya. Wafugaji wa Kimaasai walinicheka, mzee mmoja akanihurumia na kunifundisha namna ya kukataa bei bila kukunja uso. Nilirudi nyumbani nimekauka koo, nikakusimulia mnada wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wewe ulisikiliza hadi chakula kikapoa. Ilikuwa muda mrefu sijakusimulia kitu.

Kisha pikipiki. Ulinifundisha kwenye ule uwanja wa mpira, na nilipoweza kukata kona bila kupiga kelele, uliamua tuende kwa shangazi yako, mimi naendesha, wewe umepakiwa. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kabisa kutuangalia. Mmoja alikuuliza kama unaumwa. Ulimjibu kwa utulivu kwamba huumwi, umepata dereva. Nilicheka nikakaribia kutuingiza kwenye mahindi ya watu.

Si kila wiki ilikuwa na la maana. Tulijaribu kufuga nyuki, wakatufukuza wao. Kuna wiki ya palizi ambayo tulichoka sana, jambo jipya likawa kubadilisha sabuni ya kuogea. Kuna wiki tuligombana tangu Jumatatu kwa sababu ya neno la mama yako nililoletewa na jirani, na ilipofika Ijumaa ukasema basi jambo jipya ni kumaliza ugomvi kabla jua halijazama. Tulikaa uani hatusemezani, tunatazama jua, hadi mmoja wetu akacheka. Nadhani nilikuwa mimi.

Na unakumbuka Usambara? Nilikupeleka kwa ndugu za mama yangu, huko juu ambako wewe, mtu wa Handeni na joto lake, hukuwahi kufika. Ulivaa koti la mjomba wangu siku zote mbili na hukulivua hata wakati wa kula. Ulikula mapeasi mengi hadi tumbo likakuuma. Asubuhi tulisimama nyuma ya nyumba, ukungu ukawa unapita katikati yetu, mimi nakuona na kukupoteza, nakuona na kukupoteza, na wewe ukanishika mkono mbele ya wajomba zangu bila aibu. Hukuwa umewahi kunishika mkono mbele ya watu.

Kabla ya mwaka ule nilijua unapenda nini kwenye sahani. Sikujua unaogopa nini, wala unachekeshwa na nini. Tulianza kuoana upya, mwenzangu, huku siku za kumjibu mama zinakaribia.

Sasa nifike kwenye ile wiki.

Uliondoka asubuhi, ukaniambia unakwenda Korogwe kutafuta kifaa cha pampu ya dawa. Ulirudi alasiri bila kifaa. Juma lililofuata ukaenda tena, na tena ukarudi mikono mitupu, ukasema dukani wamekwambia urudi. Safari ya tatu uliporudi hukuingia ndani. Ulikaa kwenye ngazi ya baraza, karibu na miguu yangu, mgongo umenipa.

"Wiki hii jambo jipya nimelifanya peke yangu," ulisema. "Nimekwenda hospitali kupima. Wamerudia mara ya pili wapate uhakika. Ni mimi."

Nilizima redio. Nakumbuka vipande vya kitambaa cha bluu vilivyokuwa mapajani mwangu, na kwamba nilivikunja kimoja kimoja kama vile kulikuwa na haraka navyo. Mimi nilikuwa nimepimwa zamani, nikaambiwa sina tatizo, na hakuna aliyeamini, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilikuwa nimekunywa mizizi ya kila namna. Nilikuwa nimefungwa vitambaa kiunoni, nimeogeshwa njia panda, nimelazwa kwa mganga na mama yako akiwa mlangoni.

Kisha uligeuka ukanitazama. "Dawa zote ulizokunywa," ulisema, "zilikuwa zangu."

Katika miaka yote ile ya kusemwa sikuwahi kulia mbele yako. Siku hiyo nililia.

Nilikusihi liishie pale, tulijue sisi wawili na tutafute maneno ya kumwambia mama. Ulikataa. Ulimwita mama yako, kaka yako mkubwa na baba yako mdogo, ukawakalisha sebuleni, ukawapa habari kama mtu anayeeleza hali ya shamba. Kaka yako alitaka kukuzuia, akasema mambo mengine mwanaume hayasemi. Ulimwacha amalize. Kisha ukasema kwamba wamenisema kwa miaka, na walinisema kwa sauti, kwa hiyo na hili litasemwa kwa sauti. Ulitaka tangu siku ile mtu yeyote akiuliza kwa nini nyumba yetu haina mtoto ajibiwe ukweli.

Mama yako aliinuka akaondoka bila kuaga. Nilidhani hatarudi tena kwangu. Baada ya siku chache alikuja akiwa na kitenge kipya, akakaa mkekani karibu na cherehani, akaniambia nimshonee gauni, mshono wowote ninaoutaka mimi. Nilimpima mabega. Wakati nampima kifua alinishika mkono na kuubana pale pale na futi yake.

"Mwanangu," aliniambia, "nilikuelemea."

Nilimjibu kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, lakini yalianza kwisha hapo.

Habari za binti wa Kwamsisi hazikutajwa tena. Mtu angedhani shida yetu imemalizika. Tuliendelea na wiki zetu. Ulinifundisha wimbo wa Kizigua wa kuvuna, mimi nikakupikia bada, ule ugali wa muhogo, kwa namna ya bibi yangu. Kisha jirani yetu akajifungua, na nikasema wiki hii jambo langu jipya ni kumpakata mtoto mchanga, maana miaka yote hiyo nilikuwa nakwepa nyumba za waliojifungua, napeleka zawadi mlangoni na kurudi. Nilimpakata alasiri nzima. Ulipokuja kunichukua ulisimama mlangoni ukatuangalia, na nilipoinua macho niliona umeshajua. Nilijua kabla yako kwa dakika chache tu.

Hatukuligusa hadi wiki ya mwisho. Ulinikuta nafua, ukavuta ndoo ukaigeuza na kuikalia.

"Unataka nini?" uliniuliza. "Usinijibu kama mke wangu. Nijibu kama mtu."

Ningeweza kukudanganya. Ulikuwa umesema tungeweza kumlea mtoto wa kaka yako, na nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa moyo mweupe. Wako wanawake wengi waliotosheka hivyo, na wana haki. Lakini mwaka ule ulikuwa umetuzoesha kusema. Nilikwambia nataka kuzaa. Nilikwambia pia kwamba sitaki kukuacha, na kwamba yote mawili ni kweli. Uliitikia kwa kichwa polepole. Ukachukua shuka upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukalikamua pamoja hadi halikutoa tone.

Uliponipa talaka hukunirudisha kwa baba yangu kwa basi kama mzigo. Ulikodi gari, ukapakia cherehani yangu kwanza na kuifunga vizuri, ukaja nami hadi Korogwe. Ulimwamkia baba, ukakaa chini, ukamwambia kwamba ulinichukua kwa heshima na unanirudisha kwa heshima, sina kosa, na mwenye swali aje akuulize wewe. Baba alikushika mkono akawa hauachii. Alikuomba usiondoke bila kula. Mkala sahani moja, wewe na yeye, na mimi nikiwa jikoni nawasikia mnaongelea bei ya machungwa. Nilipokuja kutoa vyombo ulikuwa umeshaondoka.

Kuna watu waliosema ningeshukuru na kukaa, mwanaume gani angenisafishia jina vile. Kuna waliosema wewe ulikuwa mjinga kunipa uhuru. Nimeyasikia yote, na siku nyingine bado najiuliza. Nilikaa eda yangu, nikashona, nikaolewa na mtu mwema. Nina binti wa miaka minne, mbishi, anayependa kulala juu ya vitambaa vyangu. Sijutii kumpata. Lakini furaha yangu hii imepitia kwenye maumivu yako, nami sikuwahi kukushukuru kwa maneno. Nilitamani sana kujua kama na wewe umepata chako.

Nilisikia umeoa mjane mwenye watoto wawili. Mambo ya kusikia hayatoshi. Basi mwezi uliopita tukakutana stendi hapa Korogwe. Nilikuuliza kuhusu mahindi, ukanijibu mvua ilikatika mapema. Ulimuuliza binti yangu jina lake, akajificha kwenye gauni langu. Nilikuwa na haya yote niliyoandika hapa, yamejaa kifuani, na sikupata hata moja la kutoa. Ndipo kwenye dirisha la basi la Handeni mtoto mmoja akaita, "Baba!"

Pale stendi palikuwa na wanaume wengi, na hakuna aliyegeuka isipokuwa wewe. Uligeuka kabla neno halijaisha, mkono umeshainuka, ukaniambia "samahani, naitwa", ukaenda.

Nilikuona ukimkabidhi maji dirishani, ukimfuta mdomo kwa kiganja. Basi liliondoka, na binti yangu akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu.

Msalimie mama, mwambie bado namkumbuka. Wasalimie mkeo na wanao. Mungu awatunze wote huko Misima, na akupe umri wa kuitwa hivyo hadi uzeeni.

Ni mimi,
niliyekuwa mke wako.