Jina Lililokuwa Kwenye Kishikwambi

Endulen, Ngorongoro
Jumapili mchana

Mama yangu,

Ugonile. Mguu unaendeleaje? Naanza na mguu kwa sababu ukiulizwa habari za jumla utajibu "nzuri tu mwanangu" hata kama umelazwa. Basi nauliza kimoja kimoja. Mguu wa kushoto bado unavimba jioni? Chumvi umepunguza kweli, au unanidanganya kwenye simu? Na paa la jikoni, maana Mama Mdogo aliniambia mvua za huko zimelikuta bovu. Nijibu yote, usichague.

Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nampa dereva wetu Gwandu aishushe Karatu, kesho ipande basi. Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mtandao huku unapatikana ukipanda kilima cha nyuma ya hospitali, na pale juu kuna upepo na watu wanasikiliza. Ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa kupiga kelele.

Baridi ya hapa, Mama, inamfanya mtu wa Kyela atubu kila siku aliyowahi kulalamikia joto. Ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Kulima hakuruhusiwi humu hifadhini, kwa hiyo hata mchicha unatoka Karatu kwa gari na unafika umechoka kuliko abiria. Vitunguu vya Mang'ola tu ndivyo vinavyofika na heshima zao. Mchele wako niliupika kidogo kidogo, na siku ya mwisho nilikula nimefunga mlango nisije nikalazimika kumkaribisha mtu. Usimwambie mchungaji.

Jioni hakuna kutoka, nyati wanapita nyuma ya nyumba. Wenzangu ni watu wema, lakini wakishakaa watatu wanahamia Kimaasai, au Kiiraqw, na mimi nabaki nacheka wakicheka, kwa adabu tu. Kwenye simu huwa nakuambia nipo vizuri. Sipo vizuri, Mama. Nina upweke ambao sikuujua tangu nizaliwe. Kuna siku nzima zinapita hajatokea mtu wa kuniita Tusa.

Kazi yenyewe unaijua kidogo. Tunatafuta homa ambazo si malaria. Tunakwenda boma kwa boma, tunaandika watu wa kila kaya kwenye kishikwambi, wenye homa tunawatoa damu, damu inakwenda maabara, na majibu yakirudi tunawapelekea dawa. Unajua pia kwa nini niliiomba kazi hii. Mdogo wangu alitibiwa malaria mara tatu, na mara zote tatu kipimo kilisema hakuna malaria, mpaka tukamzika bila kujua alikufa kwa nini. Nilijiambia kwamba mgonjwa atakayepita mikononi mwangu hatapotea namna ile.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Kuna boma moja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabarani. Mwenye boma alikuwa mzee mrefu aliyenicheka siku ya kwanza kwa kuvaa makoti mawili. Mkewe mkubwa wote wanamwita Koko, maana yake bibi. Mke wa mtoto wao anaitwa Naserian, mama wa mtoto mmoja. Homa ilikuwa inamjia na kuondoka kwa miezi, jasho usiku, viungo vinauma, mpaka akashindwa kukamua. Majibu yakaja kwamba ana brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, na yeye alifanya vyote viwili. Dawa zipo, Mama. Ni vidonge vya aina mbili, wiki sita, bila kuruka siku. Shida ni kwamba siku ya tano mtu anajisikia mzima na anaona vinamsumbua tumbo bure. Akiviacha, homa inarudi na safari hii inaweza kushuka kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo nilikuwa nampa vya wiki moja, anamaliza, naleta vingine.

Jumanne moja nilipeleka vya wiki ya pili. Asubuhi hiyo Naserian alikuwa amemeza cha mwisho. Nilikuwa na Nashipai, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye mkalimani wangu. Yeye akapitia boma la jirani kusalimia, akaniambia nimsubiri. Sikumsubiri. Mbingu ilikuwa nyeusi, Gwandu alikuwa ananung'unika barabarani, na mimi nilikuwa na maswali ya awamu ya pili ya kuuliza. Haraka haraka haina baraka, wewe ndiye uliyenifundisha.

Nikaingia. Wanawake wamekaa nje, wamenyoa vichwa, hawana shanga hata moja. Niliona, Mama. Niliona kwa macho yangu, nikadhani ni usafi. Nikawasalimia kwa Kimaasai changu cha kuokoteza, nikawasha kishikwambi. Awamu ya pili inaanza kwa kuhakiki orodha ya kaya, na jina la kwanza ni la mwenye boma. Nikalisoma. Nikalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mwalimu anayeita mahudhurio, maana nilikuwa nimelifanyia mazoezi nilitamke vizuri.

Hakuna aliyepiga kelele. Koko aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Naserian akainuka akaingia ndani. Mtoto akaanza kulia kwa sababu mama yake ameondoka. Nikabaki na kishikwambi mkononi, kinanisubiri nibonyeze "yupo" au "hayupo".

Nashipai alifika anakimbia. "Tusa, umefanya nini?"

"Nimesoma jina la kwanza."

"La nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kioo. Akafumba macho.

"Mzee alikwenda Ijumaa, nimeambiwa sasa hivi hapo jirani," akasema. "Sisi hatutaji jina la mtu aliyekwenda. Hata mtoto mwenye jina kama lake watamtafutia lingine. Na wewe umemwita mbele ya mlango wake, na wajane wake wamekaa."

Jina lenyewe hata hapa sitaliandika. Vidonge walivikataa, nikarudishwa navyo mkononi. Njia nzima nilikuwa nahesabu siku za Naserian. Naona aibu kusema, lakini nilikuwa na hasira pia. Nilisema moyoni, wao wanakataza jina na mtu hai anaweza kuumwa maisha yake yote. Kwetu mtu akifa tunalia kwa jina lake mpaka sauti zinakauka, na hakuna jirani aliyedhurika.

Kesho yake Nashipai alikwenda peke yake kuwaomba. Jibu alilorudi nalo lilikuwa la Koko. Alisema hana ugomvi na dawa, wala na mimi, mgeni hajui. Ila kile kibao changu kina jina la mzee ndani. Kila kikiingia bomani, kinaingia nalo, na kila kikiwashwa, linaamka. Jina litolewe, ndipo nije.

Nikapanda kilimani kumpigia msimamizi wetu wa Karatu.

"Tusajigwe, data haifutwi," akasema. "Hiyo kanuni si yangu. Weka alama ya amefariki, usonge mbele."

"Alama nimeweka. Jina limebaki palepale, na sasa lina nyota pembeni, limezidi kung'aa."

"Basi. Mgonjwa ana haki ya kukataa."

"Hajakataa dawa. Wamekataa kishikwambi."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Nikutubie jambo moja. Koko hajui kusoma. Ningeweza kwenda, nikaminya minya kioo mbele yake, nikasema limefutika. Nilifika mpaka kuipanga sentensi ya Kimaasai. Nilipojiuliza kwa nini sijaenda, sababu ya kwanza haikuwa Mungu, ilikuwa kwamba Nashipai anajua kusoma. Sababu ya pili ilikuja baadaye, kwamba yule mama alinitengenezea chai siku ya kwanza na kunifunika shuka lake nilipotetemeka, na mimi nataka kumdanganya kuhusu mumewe.

Siku tatu Naserian hakumeza kitu. Nilikuwa silali. Nikifumba macho namwona mdogo wangu kwenye ule mkeka, anasema "nipo afadhali leo", na sisi tunafurahi. Nilipanda kile kilima asubuhi na jioni mpaka wachungaji wa mbuzi wakanizoea. Ijumaa msimamizi akapokea akiwa na sauti nyingine. Alikuwa amewauliza wakubwa zake, na kumbe kanuni inataka taarifa zibaki, haitaki jina. Jina la mzee lingeweza kuondolewa likawekwa namba, na mimi nimeruhusiwa kufanya hivyo mwenyewe. Akaongeza kwa upole, "Ulipaswa kunieleza vizuri tangu mwanzo." Nilimwambia asante. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, lakini daktari wa hospitali alikuwa ameshakubali Naserian aendelee na siku zilizopotea ziongezwe mwishoni, na nilitaka kuondoka kabla hawajabadili mawazo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda, ila sikuingia bomani. Nilikaa nje ya uzio na Nashipai, Koko akatoka akakaa nasi kwenye nyasi. Nashipai akamweleza. Koko akasikiliza yote, kisha akasema neno fupi.

"Anataka kufuta mwenyewe," Nashipai akaniambia.

Nikamwekea kishikwambi magotini. Jina lilikuwa pale, na kwa mara ya kwanza nikaona haya kuliangalia. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza. Hakikutokea kitu. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Vidole vyake vimekomaa kwa kukamua na kukandika nyumba, na kioo hakikuvitambua kabisa. Akanitazama kama anaomba msaada. Nikaweka kidole changu chini ya kidole chake, tukabonyeza pamoja.

Kishikwambi kikauliza: Una uhakika?

Nashipai akatafsiri. Ng'ombe walipita nyuma yetu kwenda majini, wakaisha wote, na Koko bado anakitazama kioo. Halafu akaniongoza mkono, safari hii yeye ndiye aliyeusukuma.

Ikabaki namba. Koko akauliza jina lilikuwa wapi hasa. Nikamwonyesha. Akaweka kiganja pale juu ya kioo, akakiacha hapo, na machozi yakawa yanamshuka bila sauti yoyote. Akasema kitu ambacho Nashipai hakukitafsiri mpaka nilipomwomba.

"Anasema yeye ndiye aliyetaka litoke. Anasema hakujua kwamba itauma hivi."

Kisha akajifuta kwa ncha ya shuka, akageuka, akamwita Naserian aje anywe dawa. Nilimwona akimeza vyote viwili, na maji, mbele yangu. Amepungua mwili lakini alinitania kwamba leo nimevaa koti moja. Tangu siku hiyo hajaruka hata siku moja. Nashipai anapita kila asubuhi kumtazama.

Nilipofika nyumbani kwangu nililia mpaka mchana ukaisha. Sikumlilia yule mzee, Mungu anisamehe, nilimjua kidogo tu.

Mama, wale wanaponyamaza wamekubaliana. Wamekaa pamoja, wamenyoa pamoja, kila mmoja anajua mwenzake anamkumbuka nani. Mimi na wewe hatukukubaliana. Matanga yalipoisha wewe uliacha kumtaja mdogo wangu, ukadhani unanihurumia, na mimi nikaacha, nikadhani nakuhurumia wewe. Tunaongea kila Jumamosi kuhusu mguu, na kakao, na paa. Kuna mara mbili nimesikia umevuta pumzi ya kusema kitu, halafu umeniuliza kama nimekula. Huku hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwona. Hakuna anayejua alivyokuwa anaimba vibaya kanisani, wala alivyoogopa bata. Nisipolisikia jina lake kwako, silisikii popote chini ya jua.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie paa halisubiri maneno. Msalimie mjomba muuza dagaa wa usipa, na jirani yetu wa mlango wa nyuma anayekusaidia kuteka maji, namwombea baraka. Wifi yangu mpe pole zangu, na wale watoto wake wawili uwabusu. Nimesikia mdogo ameanza kufanana na baba yake usoni, na umenificha. Na wewe ndaga fijo kwa kila kitu, punguza chumvi.

Jumamosi nitapanda kilimani saa kumi. Ukipokea, usiniulize kwanza kama nimekula. Mtaje. Hata kama tutalia wote wawili na salio likaisha, mtaje. Na kama utaona ni vigumu kuanza, usijali, nimeshaanza mimi.

Ni mwanao,
Tusajigwe, dada yake Ambakisye.