Waya ya Breki Inayotulisha

Minsk, Belarusi

Yaya Kazadi, kaka yangu mkubwa mpenzi,

Pokea salamu zetu tele, mimi mdogo wako pamoja na Alesia, mke wangu. Sisi ni wazima, Mungu asifiwe. Mafua tu ndiyo yanatutembelea. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na umeme wa bwawa la Koni, bado unawaacha gizani katikati ya kula bukari?

Barua yako ilinitoa machozi. Unasema tangu kazi ya kiwandani Panda, hapo kwetu Likasi, isimame umekuwa "muntu bure", na kwamba hukunipa kitu chochote maishani. Yaya, sikubali! Kaa chini nikusimulie.

Unajua Alesia ni mpiga fidla. Aliishika akiwa mtoto mdogo, nyanya yake akimsimamia mpaka mikono inauma. Akakua, akaingia okestra ya mji. Kisha nchi yao kubwa ikavunjika, kama yetu inavyobomoka, na mishahara ikakoma. Bursari yangu ya masomo nayo ilikuwa imeshakufa. Tukawa watu wa viazi, asubuhi viazi, jioni viazi.

Katika dhiki hiyo akaanza kusikiliza kaseti zangu za rumba. Akaiga gitaa la solo kwa fidla, akachanganya na nyimbo za kwao. Mwalimu wake wa zamani alisema anachafua kazi, akaacha hata kumsalimia. Lakini mkubwa wa ukumbi mmoja alimwita aje apige mbele yake; akipendezwa, atampa onyesho lake mwenyewe.

Asubuhi ya siku ile, tukijiandaa, pwa! Uzi mwembamba wa fidla ukakatika. Akiba hana, na maduka ya hapa ni rafu tupu. Alesia akakaa kitandani, akalia: "Basi, imekwisha."

Nikakukumbuka weye, Yaya. Nilikuona nyuma ya nyumba ukifumua waya ya breki kutengeneza nyuzi za gitaa lako, mimi nimeshika ncha ya pili, na weye unanigombeza: "Usipinde ile waya, weye! Ikipindwa haina sauti tena." Nikashuka mbio, nikakata breki ya baiskeli yangu. Nikafumua, nikafuta mafuta, nikaivuta waya moja kwenye mguu wa meza mpaka ikanyooka, nikafunga kitanzi. Alesia alinitazama kama mwenda wazimu. Akakaza, akakaza tena. Haikukatika!

Sauti yake ilikuwa kali, ya kelele, sawasawa na gitaa lako siku za harusi. Wazee wa ukumbi wakatikisa vichwa. Baada ya kitambo nikaona na miguu yao inacheza. Mkubwa akauliza uzi wa namna hii umetoka wapi. Alesia akajibu, "Kwa shemeji yangu, Likasi."

Sasa ana kazi, wamemwita mpaka Polandi. Nyuzi za duka tumepata, ila kwa rumba hazitaki kabisa. Majirani wananiletea breki zao mbovu. Mimi baiskeli yangu naisimamisha kwa viatu, usicheke!

Nisalimie Mama, mke wako, yule shemeji yangu muuza mikate, na Mjomba, mkuu wa kwaya ya parokia.

Na weye usiniandikie tena kwamba hukunipa kitu. Jana tulikula nyama, Yaya. Kabla ya kugusa sahani, Alesia alisema aksanti, akataja jina lako.

Ni mimi mdogo wako, mshika ncha ya pili,

Ilunga