Mstari wa Mama Daftarini

Karangwetan, Delanggu,
22 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Kustini,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko ugenini Taichung, na yule bibi unayemtunza anaendeleaje? Huku mpunga umeshavunwa, shemeji yako Tukiran anakohoa kidogo kwa vumbi la makapi, na watoto hawajambo. Kwenye simu ningeishia kulia tu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaijua kliniki ya wazee ya mtaa wetu. Miaka kumi na saba nimejitolea pale, mimi ndiye mpimaji, mimi ndiye mwandishi. Jumatano tuliletewa mizani mpya. Unapanda peku, inapima uzito na mafuta, kisha inakutajia umri wa mwili wako. Si miaka tangu uzaliwe, bali jinsi mwili ulivyochakaa au ulivyotunzwa.

Mbah Wagirah, yule bibi muuza tempe, vipande vyake vya soya iliyochachushwa, ana miaka sabini na sita. Mizani ikasema hamsini na nane! Ukumbi mzima tuliangua kicheko.

"Mbah, tukutafutie mchumba?"

"Awe na meno lakini!" akajibu. Kisha akanigeukia: "Na wewe, Bu Sih, panda. Kila mwezi unatupandisha sisi tu, unaogopa nini?"

Nikapanda kwa maringo, na miaka yangu hamsini na moja. Ikasema sitini na tisa.

Nilijua imeharibika. Nikaisogeza penye sakafu iliyo sawa, nikavua bangili, nikatoa hata funguo mfukoni. Sitini na tisa! Muuguzi, Bu Hesti, akanituliza kwamba namba ile ni makisio tu. Kisha akanipima shinikizo la damu: 182 kwa 110. Akapima tena mkono wa pili, ikawa ile ile.

Akaanza kunihoji. Natembea? Pikipiki, hata kwa jirani. Nakula nini? Kustini, kila nyumba ninayoingia kuwahimiza wazee wapunguze sukari, napewa chai tamu na vya kukaanga, nami nakula vyote, nikikataa nitawavunjia heshima. Mbah Wagirah yeye hubeba kikapu chake sokoni kwa miguu, na akishiba ameshiba.

Bu Hesti akafungua daftari. Kliniki inapokea kuanzia miaka arobaini na mitano, kwa hiyo na mimi nina mstari wangu, miaka sita sasa. Kila mwezi 120 kwa 80, shinikizo la mtu mwenye afya.

"Bu Sih, nani alikuwa anakupima?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyenipima. Nilikuwa najiandikia ili ukurasa ujae kabla ya kupeleka ripoti.

Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyefariki ghafla. Nikamtaja mama, aliyeanguka jikoni akiwa na miaka hamsini na minne. Sote tulisema siku yake ilikuwa imefika. Nilipotoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la madaftari ya zamani. Mwezi aliofariki, mstari wa mama unasema 120 kwa 80.

Mama hakuja kliniki mwezi ule, wala uliotangulia. Alikuwa anakaanga vitafunio vya harusi ya watu, akaniambia, "Andika kama ya mara iliyopita, Sih." Nikaandika. Mwandiko ni wangu, Kustini. Miaka kumi na sita watu wananipa pole, nami nazipokea! Nisamehe ukiweza.

Dawa nimeanza, na pikipiki nimemwachia Tukiran, mimi natembea kwa miguu. Bu Hesti anasema bado mwili unaweza kupata nafuu nikibadili mwenendo. Lakini wewe una miaka arobaini na sita, na ni damu ile ile. Nenda ukapimwe wiki hii, tafadhali.

Tukiran, mwanangu Wening na Mbah Wagirah wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe na ile miaka ambayo mama hakuipata.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Sumarsih