Safari ya Akra Isiyo na Msiba

Kilwa Masoko,
6 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Nurdin,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafika mstari huu. Hujambo? Afya yako? Leo siulizi kwa mazoea. Nauliza kwa sababu Jumatatu tulikulilia msiba hapa nyumbani, na ilibaki kidogo usomewe hitima. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua, na ukoo wote ni wazima, wewe ukiwemo.

Naandika kwa mkono, Mubina wa dukani ataipiga picha barua hii akutumie. Nikisimulia kwenye simu nitacheka nishindwe kumaliza. Tena nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Ilianza na korosho. Siwezi kuja kwako Akra, mpaka Ghana huko, mikono mitupu, kwa hiyo asubuhi niliwasha moto uani nikabangua za kukuletea. Unaujua moshi wa yale maganda. Macho yakawa mekundu, machozi na makamasi yakanitoka. Jirani yangu Valeria akachungulia, akauliza kulikoni. Nikamwambia naondoka, nakwenda kwa Nurdin, aniangalizie kuku. Basi. Hakuuliza la pili, akanishika bega, akaniambia nijikaze. Nikadhani ni pole ya moshi, nikajikaza, nikaendelea kubangua.

Kisha nikaenda dukani kwa Rukhsana, mama yake Mubina, kununua begi. Mazungumzo yakanoga, nikachelewa. Kurudi, nakuta mikeka imetandikwa uani, masufuria yako motoni, wanawake wanalia. Nurdin, mimi sikuuliza. Ukikuta watu wanalia kwako unalia, maswali baadaye. Nikatupa begi, nikajifunga kanga, nikalia nao, na nililia vizuri tu, mpaka nilipomnong'oneza Bi Stefania aliyekaa kando yangu, nani ametutoka? Akasema, "Nurdin wako, dada. Jipe moyo."

Sikufichi, ile dakika sitaki irudi tena maishani mwangu. Walikuwa wamekupigia simu hupatikani, wakaona hilo ndilo thibitisho. Nikatoa simu yangu nikutafute, nikakuta ujumbe wako wa sauti ndiyo kwanza umeingia. Nikabonyeza. "Shangazi, begi umepata? Chukua lenye magurudumu." Sauti yako ikajaa uani. Bi Stefania alikimbia akaacha ndala moja.

Kumbe hapo ndipo balaa lilipoanza. Baba yako mkubwa Ismaili alikuwa ameshapigiwa simu huko Lindi. Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, na bila kauli yake sitoki hapa, unajua. Akafika alasiri kwa bodaboda kutoka Nangurukuru, kofia mkononi, macho yamemvimba. Alipoambiwa uko hai alimshukuru Mungu, akanywa maji, kisha akanigeukia.

"Sasa huko Akra unafuata nini?"

"Natembea tu, kaka."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna. Nakwenda kuuona mji. Makumbusho yao, ngoma zao, wanaofuma vitambaa. Siku nne, narudi."

"Mtu mzima anapanda ndege kwenda kutazama?"

Akasema begi lirudishwe dukani. Na wale waombolezaji, ambao walikuwa wameshaanza kunifungia chakula cha njiani, wote wakamuunga mkono. Mwanangu, ungekuwa umekufa ningeondoka siku ileile na dua za mji mzima. Kwa kuwa u hai, sina ruhusa.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, kaka, Lindi nimekuja mara ngapi? Kumzika mama, kumuuguza dada, kumzika mume wangu. Dar es Salaam naijua wodi na makaburi. Kote huko nimefika macho yamevimba, mtu akiniuliza Lindi ikoje sina la kumwambia. Na hapo ng'ambo, Kisiwani, wageni wanavuka bahari kuja kutazama kuta zetu zilizobomoka, wanapiga picha, wanakwenda zao. Umewahi kumuuliza hata mmoja wao amefiwa na nani?

Wali ukapakuliwa, maana ulikuwa umeshaiva na hauna kosa. Kaka alinawa, akala. Mwisho akauliza, "Huko Akra kuna baridi?" Nikasema hakuna. "Basi nenda. Ila mimi Lindi nimewaaga watu nakwenda msibani. Nikirudi nitawaambia nini?" Nikamwambia awaambie tumemkuta marehemu hajambo. Akacheka mwenyewe, nami furaha ikanizidi nikashindwa kula.

Basi nakuja inshallah, Alhamisi ya wiki ijayo. Ratiba uliyonitumia nimeisoma yote. Makumbusho nakubali. Soko nakubali, ila twende polepole. Ufukweni tupite tu, bahari ninayo. Ile karakana ya mafundi wanaochonga majeneza yenye umbo la samaki na ndege, mwanangu, hapana. Umeandika ni maarufu duniani. Hapana. Na Jumamosi umepanga tukaone mazishi, eti huko ndiko utamaduni wao unakoonekana vizuri, watu wanapendeza na ngoma zinalia mpaka jioni. Nurdin! Wafiwa wape pole zangu, na marehemu Mungu amrehemu. Mimi siku hiyo nipeleke mahali ambapo hakuna aliyekufa. Nikae kwenye kiti, ninunuliwe soda, niwatazame watu wakipita, na asiwepo hata mmoja wa kumpa pole.

Baba yako mkubwa anakusalimu. Rukhsana na Mubina wanakusalimu. Valeria naye anakusalimu, ingawa bado hanitazami usoni. Bi Stefania anasema salamu zake zitoshe kwa maandishi, usimtumie sauti.

Mungu akulinde, akuepushe na kila shari, akupe umri mrefu sana, maana wali wa msiba wako tumeshaula.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hivyo hivyo ulivyo, mzima,

Somoe