Jua la Uani kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huniwahi kwa maswali kabla sijamaliza salamu. Natumaini kazi inakwenda, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi na watoto hawajambo. Mwambie wifi picha zilifika, na Mama amewaonyesha majirani wote, hata wale ambao macho yao hayatofautishi tena mtoto na mto. Kwa upande wetu, desturi inataka niseme sisi ni wazima, hofu ni kwenu. Nimeyaandika maneno hayo nikayafuta, nikayaandika tena nikayafuta tena. Mama ni mzima, na mimi ni mzima. Habari za Baba nitakupa taratibu, na nakuomba ukae kitako usome mpaka mwisho kabla hujaishika simu.

Unakumbuka tulipoanzia. Nguzo za umeme ziliishia kwenye mashine ya kusaga, na kutoka pale mpaka nyumbani ni bonde na kilima tu. Daktari alipomruhusu Baba alisema mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, vumbi lile lile alilolivuta miaka yote aliyokuwa akichonga na kuwajengea watu nyumba. Alisema hayatapona. Alisema pia kwamba akiwa na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, atapumua kwa nafuu na huenda akakaa nasi zaidi. Bila hiyo, siku zitakuwa chache. Ndipo ukaniambia kwamba mimi si ndiye fundi wa umeme wa jua, basi nipange mtambo, na mashine utaituma wewe. Halafu ukaongeza friji, televisheni na pampu ya maji, kana kwamba unafungua hoteli. Nilikucheka, lakini moyoni nilifurahi. Nimewafungia taa watu wengi huku mama yangu mwenyewe akipikia kwa taa ya mafuta. Wanasema mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa hivyo.

Sasa nikueleze ninavyofanya kazi, maana bila hilo yaliyotokea hutayaelewa. Kabla ya kutoboa ukuta wa mtu, nafanya mambo mawili. Kwanza nauliza kila mtu wa nyumba, akiwa peke yake, umeme ukipungua ni kipi kisizime. Hapo ndipo unajua nyumba inaishi kwa nini, maana baba mwenye nyumba atakutajia televisheni mbele ya wageni, kisha akiwa peke yake akutajie taa ya chumba cha mtoto anayeogopa giza. Pili, nawafungia vifaa vya kuazima waishi navyo siku kadhaa, kama kujaribu kiatu. Mahesabu ya karatasi hayamjui mtu anayesahau kuzima taa.

Mama alijibu hata swali sijalimaliza. Mashine ya Baba, basi. Baba alisema nimpe nafasi afikiri, kwamba jibu la fundi kwa fundi halitolewi kwa pupa. Nilidhani anatania.

Nikaleta paneli za karakana yetu, betri na inverta ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na hospitali wakaniazima mashine. Nilizipanga paneli uani, pale Mama anapoanikia nafaka, kwa sababu ndipo penye uwazi. Mashine ile si kubwa, lakini inakula umeme kuliko taa zote za nyumba, na haipumziki. Inanguruma mchana na usiku. Baba aliipa jina la Mgeni. Siku ya kwanza alimkaribisha akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya tatu akasema sasa apewe jembe. Tulicheka wote watatu, na ni kweli alikuwa akipumua vizuri, midomo imerudia rangi yake, na aliweza kumaliza sentensi bila kutua katikati. Nakwambia hili usidhani kwamba mashine haikufaa. Ilifaa sana.

Kwenye inverta kuna kitaa kidogo kinachoonyesha hali ya betri. Kikiwa kijani betri imejaa, kikiwa njano punguza matumizi, kikiwa chekundu umeme umekaribia kuzima. Nilimwelekeza Mama, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu nilimwelekeza vizuri mno. Tangu siku hiyo alikaa na kitaa kile kama anayemlinda mwizi. Kwanza alizima redio. Halafu akakataza simu zisichajiwe. Halafu akazima taa ya jikoni akapika kwa kupapasa, mpaka akaunguza mkono kwenye sufuria, na alipoulizwa akasema amejikwaruza. Wingu likipita alitoka uani na kitambaa akaanza kufuta paneli ambazo hazina hata chembe ya vumbi. Nilimtania kwamba akizidi kuzisugua zitachubuka, na hakucheka. Nilimweleza kwamba paneli hizi ni za kuazima, kwamba nitakazofunga zitakuwa nyingi zaidi na betri kubwa zaidi, hatahitaji kujinyima. Aliitikia kwa kichwa akarudi kwenye kigoda chake mbele ya kitaa. Usingizi aliupata kwa vipande, akiwa amekaa.

Mimi nilikuwa namtazama Mama. Sikujua kwamba Baba naye anamtazama.

Siku moja asubuhi Mama alipokwenda kisimani, Baba aliniita kwa neno mama, kama anavyomwita binti yake akiwa na jambo zito. Aliniuliza mtambo nitakaoufunga utadumu muda gani. Nikamwambia betri zikitunzwa zinaweza kufika miaka kumi, na paneli zaidi ya hapo. Akauliza kama unaweza kuibeba mashine wakati wa masika. Nikamwambia nimepima, jua linatosha, na nikiongeza betri hata siku za mawingu zitapita. Akaguna kama alivyokuwa akiguna mbele ya ukuta ulionyooka. Kisha akaniambia nimtoe kwenye hesabu.

Sikumwelewa, au nilijifanya sikumwelewa. Akanieleza polepole, akipumua kati ya maneno ingawa mpira wa hewa ulikuwa puani. Alisema amemwona mkewe akiungua mkono kwa ajili ya pumzi yake, na kwamba hata nikileta betri za ukubwa wa nyumba Mama hatakiacha kigoda kile, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Alisema hajawahi kuwajengea watu nyumba kwa kumfikiria atakayeondoka. Hujengwa kwa atakayebaki. Kwa hiyo nipange mtambo wa Mama: taa ya jikoni, taa za vyumba, taa ya njia ya chooni kwa sababu anaogopa nyoka, redio, na mahali pa kuchajia simu ili asikie sauti zetu. Mgeni arudishwe alikotoka.

Kaka, nililia. Nilimwambia hana haki. Akanijibu kwamba pumzi ni zake, na akaniomba nimpeleke kwa daktari ili nisije nikasema baadaye kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Tulikwenda. Daktari alimsikiliza muda mrefu, akamuuliza mara nyingi, akakubali kwamba anajua anachokisema, akampa dawa za kumpunguzia adha ya kukosa pumzi. Aliniambia mimi kando kwamba ni uamuzi wa mgonjwa, na kwamba nisiugeuze kuwa wangu.

Laiti ingeishia hapo. Njiani kurudi Baba aliniomba jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alisema Mama akiambiwa ukweli ataibeba mashine mgongoni mpaka kwenye nguzo za umeme. Nawe ungetuma betri juu ya betri. Kwa hiyo niseme jua halitoshi. Niseme kilima kinalificha mapema mchana na mtambo hautaiweza mashine. Fundi wa umeme ni mimi, alisema, nani atanibishia.

Nami nikasema. Yale niliyokuambia kwenye simu kuhusu kilima, na kivuli, na masika, hayakuwa kweli. Ulisema utatafuta jenereta, nikakukatalia kwa sababu ya moshi, na hilo angalau lilikuwa kweli. Jua la nyumbani kwetu linatosha, Kaka. Linatosha na kubaki. Sijawahi kumdanganya mteja kuhusu jua, hata yule aliyetaka paneli ziwekwe chini ya miti yake ili zisiharibu sura ya paa. Nimekudanganya wewe, na nimemdanganya Mama nikiwa nimesimama mbele yake na kipimo mkononi.

Mama alinisikiliza, akauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akasema haya. Akaenda kumwosha Baba miguu.

Mtambo wenyewe nimeufunga, na umekaa vizuri. Baba aliagiza kiti chake kitolewe nje akasimamia kazi, kwa kuwa ukuta ule aliujenga yeye na anajua kila jiwe lake. Alininyooshea kidole hili toboa, lile liache, lile lina ufa ndani. Niliposhika keekee vibaya alinikemea kama zamani, nikafurahi kukemewa. Tulipowasha taa ya jikoni Mama aliitazama sufuria yake akasema kumbe ni chafu hivi.

Siku chache baadaye alikuwa uani akianika nafaka, akaniita nimsaidie kugeuza. Tuligeuza pamoja. Kisha, mikono ikiwa bado inafanya kazi, akaniambia kwamba jua la uani hapa amelitumia kuanikia nafaka tangu alipoolewa. Analijua linapoingia na linapotoka, masika na kiangazi, kuliko anavyomjua mtu yeyote isipokuwa mmoja. Kilima hakijawahi kumnyima jua hata siku moja kabla nafaka haijakauka. Akasema alijua siku ile ile nilipokitaja, na alijua pia kwamba uongo ule haukuwa wangu, kwa maana mimi nikidanganya huwa naongea sana, na siku ile niliongea kama baba yangu.

Nilitaka kupiga magoti. Akaniambia nigeuze nafaka. Alisema mume wake hajawahi kumwomba kitu tangu amjue, ni mtu wa kutoa tu. Kama sasa anaomba kuondoka bila kuchungwa kama maziwa jikoni, na anaona haya kuomba kwa mdomo wake, basi atampa hivyo hivyo, bila kuombwa. Alijifuta uso kwa kiwiko, mikono ilikuwa na vumbi la nafaka. Kisha akaniapisha nisimwambie Baba kwamba anajua.

Sasa Baba anamficha Mama, na Mama anamficha Baba kwamba hakufichika, na kila jioni wanakaa pamoja wakisikiliza redio kama watu wasio na siri hata moja. Baba anapumua kwa shida, lakini hana kelele za Mgeni masikioni, na Mama anakaa karibu naye akimtazama yeye, si kitaa. Dawa zinamsaidia. Jana alimcheka mtangazaji mpaka tukaogopa. Siwezi kukuambia ni muda gani umebaki. Daktari mwenyewe hasemi.

Kwa hiyo nakuomba, kama mashine hujaituma, usiitume, na kama iko njiani, ifikie hospitali, wana wagonjwa wanaoisubiri. Nauli tumia kuja wewe. Nikasirikie, una haki, nimekuibia muda uliokuwa wako wa kuujua ukweli. Ila nikasirikie ukiwa huku. Utakapofika, kwa Baba wewe unaamini habari za kilima, na kwa Mama hujui kwamba yeye anajua. Ni kazi, lakini wewe tangu utotoni ulikuwa hodari wa kunyamaza mimi nikichapwa kwa makosa yako.

Bado sijakuambia jibu la lile swali langu. Baba alilitoa siku ya kufunga, tulipobakiwa na taa ya mwisho. Nilimkumbusha kwamba ananidai jibu la kipi kisizime. Alinionyesha jiwe lililo juu ya mlango wa mbele akasema nitoboe hapo. Alisema mwanawe mkubwa hajawahi kufika nyumbani mchana hata mara moja maishani mwake, na mlango huu una ngazi mbovu ambayo alikusudia kuitengeneza. Hata redio ikatike, taa hii iwake mpaka asubuhi. Nimeiunga kwenye betri yake peke yake.

Mama anakusalimu, anasema njoo na wajukuu. Baba anakusalimu, anasema tu kwamba ngazi ni ya tatu kutoka chini. Nami nakusalimu sana, pamoja na wifi na watoto. Taa inawaka.

Mdogo wako akupendaye,
Kunguru